Kinachomtisha Mtazamaji Mkongwe wa Filamu za Kutisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu walioona filamu za kutisha nyingi kiasi kwamba wanajua mlango utafunguka kabla kitasa hakijazungushwa. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mashabiki wakongwe wanapokutana. Majibu yana upande: naamini filamu bado inaweza kumtoa jasho mtu wa aina hii, na inawezekana kueleza inafanyaje. Matukio ya filamu kadhaa yanasimuliwa humu, hivyo ukikuta jina la filamu ambayo hujaiona na unapanga kuiona, ruka aya hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini filamu za kutisha hazinitishi tena kama zamani?

Kwa sababu umejifunza. Mwili huacha kuitikia jambo linalojirudia bila kuleta madhara, na filamu hizi hujirudia sana. Mhusika anafungua kabati la bafuni lenye kioo. Unajua akilifunga kutakuwa na mtu nyuma yake. Paka anaruka kutoka gizani, mhusika anacheka kwa nafuu. Unajua pigo lenyewe linafuata. Ukishatazama miaka na miaka, huoni tena chumba chenye giza. Unamwona mwongozaji akikipanga.

Hiyo haina maana kwamba moyo umekuwa mgumu. Watu wengi wanaosema hawaogopi chochote wamezoea mbinu chache zilizotumika kupita kiasi, basi. Waonyeshe filamu isiyotumia hata moja kati ya hizo uone watakavyokaa.

2. Kushtuka si ndiyo kuogopa kwenyewe?

Hapana. Kushtuka ni kazi ya mishipa ya fahamu: sauti kubwa ikilipuka ghafla, macho yanafumba na mabega yanapanda kabla akili haijajua kumetokea nini. Mtoto mchanga hushtuka, na mkongwe wa filamu hushtuka vilevile. Hakuna uzoefu unaoliondoa jambo hilo kabisa, ndiyo maana waongozaji wavivu wanalipenda. Lakini mshtuko ukipita umepita. Baada ya sekunde chache umebaki na hasira kidogo, kama mtu aliyepigiwa kelele sikioni.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa ya kivivu. Katika *Cat People* (1942), iliyoongozwa na Jacques Tourneur chini ya mtayarishaji Val Lewton, mwanamke anatembea usiku akisikia viatu vya mtu nyuma yake. Kisha viatu vinanyamaza. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Kimya kinavutwa hadi unatamani kitu chochote kitokee, na kinachotokea ni basi la abiria linaloingia ghafla kwenye fremu kwa mlio wa breki unaofanana na wa mnyama. Mshtuko ule una nguvu kwa sababu kimya kimeshaulipia gharama. Filamu nyingi zilizofuata zilichukua basi zikaacha viatu.

3. Basi ni nini hasa kinachomtisha mtu aliyeona filamu nyingi?

Kupoteza uhakika kwamba anaujua mchezo. Mtazamaji mzoefu hujikinga kwa kutabiri: huyu atakufa, yule atabaki, pigo litakuja kutoka upande ule. Maadamu utabiri wake unafanya kazi, yuko salama hata kama skrini imejaa maiti. Filamu inayomtisha ni ile inayomwachia atabiri, kisha utabiri ukakosa pa kushika, naye akagundua kwamba hajui tena filamu hii iko tayari kufika wapi.

Mfano wa zamani ni *Psycho* (1960). Kila mtu anajua stelingi hafi. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alimchukua mwigizaji mwenye jina, akatufanya tumfuate, tumhurumie, tuhangaikie fedha alizoiba, kisha akamuua kabla filamu haijafika katikati. Kisu kinatisha, lakini kinachokaa na mtazamaji ni kile kinachofuata: sasa hakuna wa kumshikilia, na filamu bado ndefu.

Majibu mengi yaliyobaki humu yanatoka kwenye wazo hili moja.

## Kinachoonekana na kisichoonekana

4. Zimwi lionyeshwe au lifichwe?

Jibu ambalo watu hupenda kulitoa ni kwamba lifichwe, na ushahidi upo. *Jaws* (1975) ilinufaika na papa wa mashine aliyekuwa akiharibika baharini. Mwongozaji Steven Spielberg alilazimika kutumia maji, mapipa na muziki, na papa haonekani vizuri mpaka zaidi ya saa moja imepita. *The Haunting* (1963) ya Robert Wise inatisha kwa mlango wa mbao unaovimba kuelekea ndani, basi. *The Blair Witch Project* (1999) haimwonyeshi mchawi wake hata mara moja.

Ila tuwe wakweli: kuficha nako kumekuwa mazoea. Mkongwe akiona kivuli kinapita nyuma ya pazia kwa mara ya elfu, anajua tu kwamba bajeti ni ndogo. Kwa mtu huyo wakati mwingine kinachotisha ni kuonyeshwa kupita alivyotegemea. Katika *Ringu* (1998) ya Hideo Nakata, binti aliyekuwa picha kwenye televisheni anatoka ndani ya televisheni. Tulidhani kioo kile ni mpaka. Mwendo wake wa kukatikakatika ulipatikana kwa kumpiga picha mwigizaji akitembea kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kwa kurudishwa. Jicho linaona mwili wa binadamu unaokwenda kwa namna isiyo ya binadamu, wala haliwezi kusema kosa liko wapi.

Kwa hiyo swali lenye manufaa ni hili: filamu imekufanya utegemee nini? Kama umejiandaa kufichwa, kuonyeshwa kunakuchoma. Kama umejiandaa kuonyeshwa, kunyimwa kunakusumbua.

5. Kwa nini damu nyingi hunichosha badala ya kunitisha?

Damu ikizidi, akili inaanza kukagua ufundi: ile ni mpira, ile ni kompyuta. Inafaa kukumbuka kwamba *The Texas Chain Saw Massacre* (1974), ambayo jina lake peke yake limewakimbiza watu wengi, ina damu kidogo sana kwenye skrini. Ndoano ya nyama unaiona, msichana unamwona, ndoano ikiingia huioni. Wengi wanaapa waliiona.

6. Inawezekana kutisha mchana kweupe?

Inawezekana, na kwa mtazamaji mzoefu mara nyingi inafanya kazi kuliko usiku, kwa kuwa giza lenyewe ni onyo. Giza likiingia anajikaza. Jua likiwaka anashusha ulinzi.

Katika *The Innocents* (1961) ya Jack Clayton, mwalimu wa watoto ameketi kando ya ziwa, na ng'ambo, katikati ya matete, amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Yuko mbali. Hafanyi lolote. Kamera haimkimbilii. Kinachotia baridi ni jinsi anavyokaa mahali pake kama mti au jiwe, sehemu ya mandhari, kana kwamba alikuwepo tangu mwanzo na sisi ndio tuliochelewa kumwona. *Midsommar* (2019) ilijaribu kubeba filamu karibu nzima kwenye mwanga wa jua. Haifaulu kila mahali, lakini pale inapofaulu huna kona ya kujificha.

7. Kamera inafanya nini pale ninapoogopa bila kujua sababu?

Mara nyingi haifanyi kitu, na hapo ndipo kazi ilipo. Filamu za kawaida hukukatia picha ili ujue pa kutazama. Fremu pana isiyokatwa inakuachia kazi hiyo, nawe unaanza kukagua kila dirisha. *It Follows* (2014) imejengwa juu ya jambo hili: kitu kinachomfuata mhusika hutembea tu, polepole, kikiwa na sura ya mtu yeyote, kwa hiyo kila mpita njia wa nyuma anakuwa mshukiwa. Kuna mahali kamera inazunguka duara zima ndani ya shule, na nje ya dirisha kuna mtu anakuja. Hakuna anayekuambia umtazame.

Tukio ambalo wakongwe hawachoki kulitaja liko katika *The Exorcist III* (1990) ya William Peter Blatty. Kamera imewekwa mwisho wa korido ya hospitali usiku, mbali. Muuguzi yuko zamu. Anasikia mlio, anaingia kwenye chumba; mlio ni wa barafu inayopasuka kwenye glasi, na mgonjwa anainuka ghafla kumfokea. Tumeshtuka, tumepewa chetu, tunapumua. Kamera inarudi palepale mbali kwenye korido na kukaa. Watu wanapita, milango inafunguliwa na kufungwa, muziki hakuna. Mtazamaji anayejua kanuni ameshaandika kwenye hesabu yake kwamba mshtuko wa tukio hili umetoka. Ndipo muuguzi anapotoka mlangoni na mtu aliyejifunika nguo nyeupe anatokea nyuma yake, mkononi ana mkasi mkubwa, na picha inavutwa mbele kwa kasi. Kila kitu kinakwisha kabla hujakaa sawa.

Tazama jinsi mshtuko wa kwanza ulivyotumika. Katika filamu ya kivivu mshtuko wa uongo ni kujaza muda. Hapa ulikuwa risiti bandia.

8. Kwa nini mzuka anayetembea polepole hutisha kuliko anayekimbia?

Anayekimbia ana haraka, na mwenye haraka anaweza kukukosa. Katika *Kairo* (2001) ya Kiyoshi Kurosawa, mwanamke anamwendea kijana ndani ya chumba chenye kiza, taratibu, na njiani mwili wake unayumba kana kwamba mguu umekosa sakafu, kisha anajinyanyua na kuendelea. Hakuna kingine. Ule mteremko mdogo wa goti umewakosesha usingizi watu ambao hawajapepesa macho kwa misumeno.

Mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na mtu bila kufika hutuletea kinyaa na hofu, na kwamba kikianza kutembea hali inazidi. Waongozaji wazuri wanalijua hilo kwa mikono yao. Hawahitaji meno wala pembe. Wanaharibu kitu kimoja kwenye mwili wa kawaida, kisha wanakupa muda wa kukitafuta.

## Sauti

9. Muziki unasaidia au unaharibu?

Yote mawili. Hitchcock alitaka tukio la bafuni katika *Psycho* liende bila muziki. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika fidla zinazopiga kelele, Hitchcock akasikia, akakubali. Jaribu kulitazama bila sauti utajua nani alishika kisu.

Kuna sababu ya kimwili. Mwaka 2010 Daniel Blumstein, mwanabiolojia aliyekuwa akichunguza milio ya tahadhari ya wanyama, alichapisha na wenzake utafiti wa sauti za filamu zaidi ya mia moja, na wakakuta kwamba filamu hutumia sauti zilizokwaruza na kuvunjika, za jinsi ileile ya mnyama mdogo anayepiga kelele akikamatwa, ili kuchochea hisia. Masikio yetu hayangoji maelezo.

Muziki huharibu pale unapokuwa msemaji wa filamu: unapanda, unakuambia jiandae, nawe unajiandaa. Mkongwe anausoma kama alama za barabarani. Kwa mtu huyo kuukosa muziki mahali unapostahili ni jambo zito. Katika *Hereditary* (2018) ya Ari Aster kijana anaamka usiku chumbani, na juu kwenye kona ya ukuta mama yake amejibandika gizani. Hakuna mdundo unaokuonyesha. Fremu inakaa tu mpaka macho yako yazoee giza. Ukiitazama ukumbini unasikia watu wakigutuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa wakati wake, na kama bado hujamwona, kusikia wenzako wameshamwona ni mateso ya pekee.

10. Ni kweli kuna sauti za chini zinazotia hofu bila kusikika?

Sauti zilizo chini ya takriban hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) hatuzisikii kama sauti, ingawa mwili unaweza kuhisi mtikisiko. Mhandisi wa Uingereza Vic Tandy aliandika mwaka 1998 jinsi feni ilivyozalisha mawimbi ya karibu hezi 19 katika maabara yake, naye akahisi kuna kitu chumbani mpaka alipoigundua feni. Ni kisa cha kuvutia, ila usikibebeshe mzigo mkubwa: spika za nyumbani nyingi haziwezi hata kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Ngurumo nzito inayokupa wasiwasi kwenye filamu kwa kawaida inasikika vizuri, hukuitilia maanani tu.

## Hadithi na wahusika

11. Kwa nini maelezo huua hofu?

Kitu kikishapewa historia, kinapata mipaka. Ukijua pepo alifia wapi na anataka nini, unajua pia atulizwe vipi, na filamu inageuka kazi ya upelelezi. Nadhani hili ndilo kosa linaloharibu filamu nzuri nyingi kuliko mengine yote: nusu ya kwanza ya kuganda damu, kisha mzee mwenye vitabu anafungua mdomo.

Lakini kutoeleza kabisa nako ni uvivu mwingine. Dawa ni kutoa kipande kidogo mapema, kwa sauti ya kawaida, na kutokukirudia. *The Blair Witch Project* inakutajia mwanzoni, katikati ya mahojiano ya kijijini, muuaji aliyewasimamisha watoto wakiangalia kona. Mwisho wa filamu kuna mtu amesimama kwenye kona. Hakuna anayekukumbusha. Hofu inakuja kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyeunganisha, na mtu hawezi kubishana na jambo alilolifikiria mwenyewe.

12. Wahusika wajinga hunikera. Je, ni lazima wawepo?

Si lazima, na kwa mtazamaji mzoefu wanaondoa hofu kabisa: mhusika akishuka peke yake kwenye ghala la chini, unaacha kuwa pamoja naye. *The Thing* (1982) ya John Carpenter inafanya kinyume. Wanaume wamekwama kwenye kituo cha utafiti cha Antaktika pamoja na kiumbe kinachoweza kuiga sura ya yeyote kati yao, wanashuku mapema, wanatengana, wanabuni kipimo cha damu kwa waya wa moto. Wanafanya mambo ambayo wewe ungefanya. Hayatoshi. Hapo huna tena faraja ya kusema kwamba wewe ungepona.

13. Mbona filamu zinazohusu msiba hunikaa zaidi?

Kwa sababu hofu yake ilikuwepo kabla ya mzuka. *Don't Look Now* (1973) inaanza na mtoto aliyezama majini. *The Babadook* (2014) inamhusu mama aliyefiwa na mume na sasa anamwogopa mtoto wake, na anaogopa pia kile anachoweza kumfanyia. Uzoefu wa kutazama filamu unakukinga dhidi ya zimwi. Haukukingi dhidi ya kufiwa, na filamu inayopitia mlango huo inakukuta bila silaha. Ndiyo maana watu huacha kuogopa visu wakiwa vijana, kisha wakipata watoto wanashangaa kuona filamu waliyoicheka zamani haitazamiki.

## Mtazamaji mwenyewe

14. Nitazameje ili niogope tena?

Weka simu chumba kingine. Hofu inajengwa na muda unaovutwa, na kuchungulia simu kunaukata. Usitazame trela (tangazo la filamu), kwa kuwa trela huuza yale matukio ambayo filamu imeyapangia dakika arobaini. Vaa vipokea sauti vya masikioni kama huna spika nzuri. Na tazama filamu za nchi ambayo hujazoea sinema yake: mapigo yake ya kusimulia ni mageni kwako, na utabiri wako (rudi swali la 3) hauna kumbukumbu ya kuushikilia.

15. Sikuogopa nilipokuwa natazama, lakini usiku nimeshindwa kuzima taa. Kwa nini?

Hiyo ni filamu iliyofanya kazi yake vizuri. Mshtuko hulipwa papo hapo; wasiwasi hulipwa baadaye, nyumbani, pale kitu cha kawaida kinapofanana na kile ulichokiona. Kona ya dari, kwa mfano, kila chumba kinayo.

16. Kama siogopi chochote, nina tatizo?

Hapana. Watu hutazama kwa sababu tofauti. Watafiti wa hofu ya burudani wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwapima mapigo ya moyo watu waliopita kwenye nyumba ya vitisho, na matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yalionyesha kwamba raha hukua pamoja na hofu mpaka kiwango fulani, kisha hushuka. Kiwango hicho si kimoja kwa wote. Anayetafuta kutetemeka, anayetaka kujipima na anayependa ufundi wa vipodozi wanaweza kukaa kiti kimoja na wote wakatoka wameridhika.

17. Inawezekana kuogopa kitu nilichoambiwa kitatokea?

Inawezekana, na ndiyo hali ngumu kuliko zote kuielezea kwa wazo la swali la 3. Katika *Mulholland Drive* (2001) ya David Lynch, ambayo wengi hawaiweki hata kwenye rafu ya filamu za kutisha, mwanaume amekaa mgahawani mchana akimsimulia mwenzake ndoto: nyuma ya jengo hili kuna mtu, naye anaombea asiuone uso wake kamwe nje ya ndoto. Wanainuka, wanakwenda nyuma ya jengo. Unaona mishale, ngazi, ukuta, kila kitu kwa mwendo wa pole. Umeambiwa kila kitu. Kisha kinatokea.

Nafikiri linafanya kazi kwa sababu utabiri wako hapa umegeuzwa kuwa mtego. Kwa kawaida kujua mapema kunakupa nafasi ya kutoka; hapa kila hatua inayothibitisha ndoto inaufunga mlango mmoja. Mhusika anajua, wewe unajua, na kujua hakumsaidii yeyote kati yenu. Kama una rafiki anayejigamba kwamba hajawahi kuogopa filamu, mweleze tukio hilo lote kwanza, mwanzo hadi mwisho, halafu mwonyeshe.